Hodi ya Tatu

Kitangari, Oktoba. Ghala limejaa korosho
na vumbi lake linawasha puani.
Karani Chilumba amekwisha kupima na kuandika,
iliyobaki ni kazi yangu:
kupeleka kilo za watu kwenye seva ya chama, mjini,
kwa programu niliyoitunga mwaka jana
na kiburi cha mwaka jana.

Programu inabisha. Haijibiwi.

Bibi alinifundisha mlango wa mtu:
hodi ya kwanza, ngoja.
Hodi ya pili, kohoa kidogo.
Hodi ya tatu, pakiwa kimya, geuka,
huenda mwenye nyumba anakusikia na hakutaki.
Ndivyo nilivyoiandika: ijaribu mara tatu, iache.
Ila nikaongeza mstari ambao bibi hakunifundisha:
kosa likitokea, limeze.

Kwa hiyo tangu asubuhi kioo kinasema *Imeshindikana*
na hakisemi zaidi,
kama mtoto aliyevunja chungu.

Nimekagua anwani, herufi moja moja;
mkwaju wa mwisho upo.
Nimekagua ufunguo, isije ikawa niliunakili na nafasi mkiani.
Muda wa kungoja ulikuwa sekunde tano, nimeupa sitini,
haungoji hata moja, unarudi papo hapo,
wala sikujiuliza vipi mtu afukuzwe upesi hivyo
na nyumba isiyo na mtu.

Ingekuwa mia nne na nne, ningejua nimepotea njia.
Mia nne na moja, ningejua sitambuliki.
Mia tano, ningewapigia wa mjini niwalaumu kwa adabu.
Hakuna namba.

Nje, kijana wa kangomba ameegesha pikipiki,
ana kopo lake na noti zake.
Yeye hana seva. Hodi yake inaitikwa.
Bi Somoe Nalinga anamtazama, kisha ananitazama mimi.
"Mwanangu, hiyo mashine yako ina kinyongo na nani?"

Simu yangu inafungua mlango uleule bila taabu.
Mlango mmoja, mtandao mmoja, wabishaji wawili.
Basi mgonjwa ni mbishaji.

Nikaufuta ule mstari wa kumeza.
Nikabisha. Safari hii kosa likatapika lote,
mistari arobaini, mingi ni maktaba ikijilalamikia yenyewe,
na chini kabisa, kwa unyenyekevu:
*cheti cha seva bado hakijaanza kutumika.*

Bado?
Nikatazama pembe ya kioo.
Tarehe mosi Januari, elfu mbili na kumi.
Umeme ulikatika Jumapili, betri ya ndani ilishakufa zamani,
kompyuta ikaamka haijui imelala miaka mingapi.
Ilikuwa inabisha kutoka mwaka ambao mimi niko darasa la pili,
bibi yu hai, anapalilia mihogo,
na mlango wenyewe haujachongwa.

Tena seva ilikuwa nyumbani wakati wote.
Ilitoka, ikasema karibu, kitambulisho mkononi.
Sisi ndio tuliokataa kuingia,
tukadai kitambulisho ni cha kesho.

Fundi saa wa sokoni akaniuzia betri
bapa kama kifungo cha koti.
Nikaiweka, nikaiambia mashine leo ni leo.

Mia mbili.

"Wamesemaje?"
"Wamesema mia mbili, Bi Somoe."
Akasimama, akakaza kanga kiunoni.
"Mia mbili! Kilo zangu mia tatu na kumi na mbili,
mbele ya Chilumba, mbele ya Mungu!"

Kumweleza kulichukua muda kuliko kutafuta kosa.
Kijana wa pikipiki alicheka mpaka akasahau biashara.
Na sina hakika kama nilieleweka,
maana jioni alirudi na karatasi yake ya mizani,
akaazima nyundo,
akaipigilia kwenye mlango wa ghala,
namba zikitazama nje.